Matundu ya Kompyuta ya Baba

Kila siku nikitoka shule nilipita karakanani kabla ya kupanda ghorofani kula. Karakana ya baba ilikuwa chini ya nyumba yetu, katika mji mkongwe wa Tetuan, na mlango wake ulikuwa mfupi hata mimi, mtoto wa miaka kumi na miwili, niliinama kidogo kuingia. Nilivua joho la shule, nikalitundika msumarini, nikaanza kazi yangu ya kuchuja rangi.

Baba alikuwa fundi wa kupamba mbao kwa rangi. Alipamba dari, milango na masanduku ya maharusi. Rangi alizisaga mwenyewe, akazichanganya na kiini cha yai, nami nilizichuja kwa kitambaa chembamba mpaka zikawa laini, hazina hata punje. Kitambaa kikilowa rangi ya kijani nilikiinua juu ya bakuli na kutazama matone yakidondoka, moja, halafu jingine, na mara nyingi nilisahau kwamba nina njaa.

Mtaani walimwita Si Abdelkhalak, yaani Bwana Abdelkhalak. Hakuwa msemaji. Angeweza kukaa tangu asubuhi hadi adhuhuri na brashi mkononi bila kutamka zaidi ya "niletee" na "ahsante". Lakini kulikuwa na jambo moja ambalo hakuchoka kunikumbusha: tundu halipakwi rangi, tundu linazibwa kwanza. Kila ubao ulioingia karakanani tuliukagua. Tundu la msumari, tundu la mdudu, ufa wa kiangazi, vyote tuliviziba kwa uji mzito wa gundi na unga wa chokaa. Mahali penye uwazi mpana tulibandika kwanza kipande cha kitani, ndipo tukapaka uji juu yake. Ukikauka tulipiga msasa. Kisha baba alifumba macho na kupitisha kiganja juu ya ubao wote. Kiganja kikikwama popote, alinirudishia ubao, nami nilianza upya.

Ghorofani, sebuleni, kulikuwa na kompyuta. Baba aliinunua kutoka ofisi moja iliyofungwa. Kasha lake lilikuwa la bati, la kijivu, lenye alama ya kuunguzwa na sigara juu, na lilisimama pembeni mwa meza kama mtu aliyekosea nyumba. Lakini ndani ya kasha hilo kulikuwa na kazi ya miaka sita. Kwa miaka hiyo yote baba alikuwa akibisha hodi kwenye majumba ya kale ya mji wetu, akiomba ruhusa, akilala chali sakafuni na kupiga picha dari zilizopambwa na mafundi waliokufa zamani. Jioni kaka yangu Mfedal, aliyekuwa na miaka kumi na mitano, alimsaidia kuzitia picha hizo kwenye kompyuta na kuzichora upya, ua kwa ua, nyota kwa nyota. Nyumba tatu kati ya hizo zilikuwa zimeshaanguka kwa mvua za masika. Dari zake hazikuwepo tena popote duniani isipokuwa ndani ya lile kasha la kijivu. Mfedal alikuwa ameahidi kutoa nakala kwenye sahani za CD, lakini kila wiki aliahirisha hadi wiki ijayo.

Mwaka huo, mwezi wa nne, chama cha kuhifadhi majumba ya kale kiliandika barua kwamba watu wake watakuja kwetu kuziona picha hizo. Wakizikubali, zingetumika kufundishia wanafunzi wa ufundi. Baba aliisoma barua mara mbili, akaikunja, akaitia kwenye mfuko wa kanzu. Kesho yake alisafiri kwenda Larache kwa siku kumi kupamba dari ya nyumba ya maharusi. Akiwa mlangoni alilitupia kasha jicho, akasema kwa mzaha kwamba wageni wakija wataona nyumba nzima ina rangi isipokuwa hilo jeneza.

Neno lile lilinikaa kichwani. Nilikwenda nalo shule, nikarudi nalo. Siku ya pili nilimwomba mama ruhusa ya kulipamba kasha ili baba akirudi alikute limekuwa zuri. Mama, aliyekuwa akidarizi mto karibu na dirisha, alifikiri kidogo. Aliniambia nipake, mradi nisiguse vitu vya ndani. Nikamwahidi. Mfedal alilichomoa kasha kwenye nyaya zake na kunishushia karakanani. Alipoliweka chini alinitazama, akasema, "Haya, bibi fundi. Ukimaliza hapo nenda kampake na paka wa jirani."

Zile siku tano sizikumbuki kama siku. Nazikumbuka kama usingizi mmoja mrefu. Mwanga ulishuka kupitia dirisha dogo la juu, ukatembea polepole ukutani, na njiwa waliguna darini. Nilipiga bati msasa mpaka likapoteza mng'ao. Halafu, kama nilivyofundishwa, nikakagua matundu.

Sijapata kuona ubao wenye matundu mengi namna ile. Ubavuni kulikuwa na safu kumi na mbili za vitundu, vidogo kama mbegu za ufuta. Nyuma kulikuwa na uwazi wa mviringo, mpana kama kitako cha kikombe, wenye vyuma vilivyopangwa mithili ya utando wa buibui. Niliwahurumia waliolitengeneza. Nilidhani hawakuwa na mtu wa kuwafundisha kazi safi. Nikakoroga uji wa gundi na chokaa, nikaziba vitundu kimoja kimoja kwa ncha ya kijiti. Kwa ule uwazi wa nyuma nilikata kitani, nikakibandika juu yake, nikapaka uji mara tatu. Vilipokauka nilipiga msasa, nikafumba macho, nikapitisha kiganja. Hakikukwama popote. Nilijisikia nimekuwa mkubwa.

Kisha nikapaka. Kijani kama majani ya mnanaa ndiyo iliyotangulia. Katikati ya ubavu nikachora nyota yenye ncha nane, na kutoka kila ncha nikatoa shina lenye maua mekundu, na kati ya maua nikatia ndege wadogo ambao baba hakuwahi kunifundisha. Nadhani niliwaota. Mwisho nikapaka vanishi ya manjano, na kasha likawa kama bustani inayotazamwa kupitia asali.

Mfedal alipolipandisha ghorofani na kuliunganisha, mama aliinuka kutoka kwenye udarizi wake akalizunguka mara mbili. Alinibusu utosini. Mfedal alisema tu kwamba wale ndege wana vichwa vikubwa kama changu.

Alasiri ile mama alimpa Mfedal saa yake moja ya kucheza mpira wa kwenye kompyuta. Nilikuwa nimekaa kwenye zulia nikiandika hesabu za shule. Baada ya robo saa hivi, skrini ikawa nyeusi. Akaiwasha tena. Ikawaka, ikakaa dakika tano, ikazima, naye akaiwasha mara nyingine. Harufu tamu ya vanishi ilijaa chumbani kama mtu anapika halua.

Mama alisema ni hiyo michezo. Mfedal aliapa kwamba hakufanya lolote. Mama akamuuliza kwani ile sahani ya michezo aliiazima kwa nani, akajibu kwa mwenzake wa darasani, na mama akapiga makofi ya masikitiko. "Umeleta maradhi ndani ya nyumba kwa mikono yako. Kazi ya baba yako miaka sita, wewe na mpira wako."

Walipokwenda jikoni wakiendelea kubishana, niliinuka. Sijui kwa nini niliinuka. Niliweka kiganja juu ya kasha na papo hapo nikakiondoa. Lilikuwa moto kama mkate unaotoka tanurini. Nikainama nyuma yake, mahali palipokuwa na ule utando wa vyuma. Nikakumbuka kwamba zamani, nilipokuwa nikikaa pale nyuma kucheza, upepo wa vuguvugu ulikuwa ukinipuliza shingoni. Sasa hapakuwa na upepo. Ndani, chini ya kitani changu, nilisikia feni ikizunguka, ikizunguka, haina pa kutolea pumzi.

Nilijua. Tangu dakika ile nilijua, na sikusema.

Mama alimnyima Mfedal kwenda Martil Jumapili ile, ambako timu ya mtaa wetu ilikuwa na mechi ufukweni, naye ndiye mlinda mlango wao. Wenzake walikuja kumwita mara mbili. Aliwajibu kutoka dirishani kwamba anaumwa. Kwa siku tatu alikaa chumbani, na tulipokutana kwenye ngazi alinipisha kwa upole, kwa sababu hakuwa na kinyongo na mimi. Hilo ndilo lililoniwia zito. Angenitukana ningepata nafuu. Usiku niliota maua yangu yamefunga vinywa.

Baba alirudi Jumatano, saa za alasiri, na vumbi la safari kwenye viatu. Wageni wa chama walikuwa waje Ijumaa. Alipoingia sebuleni alisimama. Alilitazama kasha kwa muda mrefu, kisha akafumba macho na kupitisha kiganja ubavuni mwake, kutoka juu hadi chini. Alipofumbua aliniambia, "Batul, mkono wako umekuwa mkono." Nilikuwa nimengoja maneno hayo tangu nikiwa na miaka saba. Nikayasikia na hayakunifurahisha.

Hapo mama alimweleza. Uso wa baba ulishuka. Hakufoka. Alimuuliza tu Mfedal kama nakala zilitolewa, na Mfedal akatazama chini. Baba akampigia simu Jawad, fundi wa kompyuta mwenye duka karibu na soko la nguo, akamsimulia kama alivyosimuliwa, kwamba kijana alitia sahani ya michezo na sasa mashine inajizima. Jawad akamjibu kwamba hivyo ni virusi. Alimshauri aiwashe, na kila inapowaka awahi kunakili picha chache kwenye sahani, ikizima aiwashe tena, asichoke, mpaka amalize.

Baba akaketi. Akaiwasha mara ya kwanza, ikazima kabla picha hazijafunguka. Mara ya pili ikakaa kidogo. Nikaona kwenye skrini kona ya dari ya mojawapo ya nyumba zilizoanguka, buluu na dhahabu, halafu giza. Mara ya tatu haikufika hata hapo. Harufu ya vanishi sasa haikuwa tamu tena. Ilikuwa harufu ya kitu kinachoungua. Ua moja kwenye ubavu lilivimba, likapasuka. Baba hakuliona, macho yake yalikuwa kwenye skrini. Alifuta jasho, akanyoosha kidole kwenye kitufe.

Nilimshika mkono.

"Baba, usiiwashe. Itaungua. Si Mfedal, ni mimi."

Alinigeukia. Nilimwambia yote, maneno yakitoka shaghalabaghala: vitundu, kijiti, kitani, lile joto, kwamba nilijua tangu siku ya kwanza. Nilipofika kwenye mechi ya Martil niligeuka nyuma. Mfedal alikuwa amesimama mlangoni. Aliniangalia kana kwamba hanijui.

Baba alichomoa waya ukutani. Akaligeuza kasha, akatafuta kwa kidole mahali ule uwazi ulipokuwa, akapagonga, akasikiliza. Kisha akachukua kisu cha mama cha kukatia nyuzi, akapasua kitani changu. Hewa ya moto ilimpiga usoni mpaka akarudi nyuma. Alilifunga kasha kwenye blanketi, akalibeba begani, akaniambia nivae viatu.

Tulipita vichochoro hadi dukani kwa Jawad. Jawad alipofunua blanketi alipiga mluzi, maana kwanza aliona maua. Kisha akaona mgongo. Akaniuliza, "Binti, hii ulikuwa unaipamba au unaizika?" Alipoona machozi yakinilenga aliacha mzaha, akachukua bisibisi.

Alipofungua ubavu, chembe za chokaa zilimwagika mezani kama unga. Alitueleza polepole, akinielekea mimi zaidi. Vitundu vile ndivyo pua za mashine, hewa baridi huingia ubavuni na feni huitoa ya moto kwa nyuma. Ubao mkuu wa ndani umeungua, huo basi. Lakini picha hazikai humo, zinakaa kwenye diski, na diski hii ya moto bado ataijaribu. Aliitoa, akaiacha ipoe juu ya sahani ya kauri. Tulingoja. Muadhini aliadhini magharibi, baba akasali palepale dukani juu ya boksi la katoni, akarudi, tukaendelea kungoja. Kisha Jawad akaiunganisha kwenye mashine yake.

Picha zilianza kufunguka, dari baada ya dari. Baba alikuwa akizitaja nyumba kwa sauti ya chini, kama anaita majina ya watu. Nyumba ya kwanza iliyoanguka, ipo. Ya pili, ipo. Ya tatu, ipo. Jawad alizinakili zote kwenye sahani mbili wakati uleule, nakala mojamoja. Ila ya mwisho, dari ya nyumba moja ya mtaa wa juu ambayo baba alimaliza kuichora mwezi uliotangulia, haikufunguka. Jawad alijaribu mara nyingi, kisha akatikisa kichwa.

"Hiyo nyumba bado imesimama," baba alisema. Basi.

Nyumbani mama alikuwa ameweka bisara, supu nzito ya maharage makavu, mezani, na hakuna aliyeigusa. Nilimwomba Mfedal msamaha mbele ya wote. Mama naye akamwambia kwamba amemkosea, alihukumu kabla ya kuuliza. Mfedal alikata kipande cha mkate, akakitazama, akasema kwamba walifungwa mabao manne kwa sababu aliyesimama golini alikuwa ni yule mnene, mtoto wa muuza sabuni. "Mabao manne, Batul. Utanifulia soksi mpaka Ramadhani." Nikamwambia nitazifua. Nilizifua kweli.

Baba aliwaomba watu wa chama waje wiki moja baadaye, wakakubali. Jawad alitutafutia ubao mkuu mwingine, uliotumika, na lile kasha likarudi karakanani. Kwa sindano ya magunia nilitoboa nilichoziba, kitundu baada ya kitundu. Kazi ya kuziba ilichukua siku moja, ya kuzibua ikachukua tatu. Maua yalikuwa yameharibika. Baba hakuniruhusu kuyafuta. Alikaa kando yangu, akanionyesha jinsi ya kuchora ua jipya kuzunguka kila tundu, ili tundu liwe moyo wa ua, na hewa ipite katikati. Tulichora safu zote kumi na mbili. Hakuna sanduku lolote la bibi harusi katika mji wetu lililokuwa na maua ya namna ile.

Siku mbili kabla ya wageni, baba alituchukua mimi na Mfedal kwenye ile nyumba ya mtaa wa juu kuipiga picha upya dari iliyopotea. Mwenye nyumba alitutandikia mkeka. Tukalala chali, baba katikati, sisi ubavuni kwake. Juu yetu rangi zilikuwa zimefifia, na mwanga ulipotikisika kwenye birika la maji la uani uliakisiwa darini, nyota zikaonekana kama zinaogelea. Mfedal alipiga picha, mimi nikaandika majina ya rangi kwenye daftari. Baba alitazama tu. Kisha alisema maneno ambayo nimeyaandika hapa kwa sababu sasa hayupo wa kuyasema, na sitaki yapotee.

"Kwa kuziba matundu sikulaumu. Ulifanya kama nilivyokufundisha, na mimi ndiye sikukwambia kwamba mbao nazijua na bati silijui. Siku nyingine, kitu usichokijua kiulize kwanza aliyekitengeneza alitaka nini. Hilo ni la kazi, na limekwisha." Nilidhani amemaliza. "Lililoniuma ni zile siku tatu. Kukosea bila kujua hakuna aibu, mwanangu. Aibu ni kujua, halafu ukamwachia ndugu yako abebe. Tena umeona. Kwa kuwa ukweli ulifungiwa ndani, sote tulikuwa tukiichoma ile mashine kwa mikono yetu, mimi wa kwanza, huku nikidhani naiokoa. Nyumba ambayo ndani yake ukweli hauna pa kutokea inakosa pumzi, hata ikipambwa vipi."

Nilimwambia nimesikia. Aliutafuta mkono wangu juu ya mkeka bila kugeuza kichwa, akaushika, na kwa mkono mwingine akamwonyesha Mfedal kona ya dari ambayo alikuwa bado hajaipiga picha.